Abiria wa Banda la Madoa

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Baridi ya kukata masikio. Ukungu umekaa Endabash mpaka saa nne asubuhi kama mgeni asiyeaga. Nimeshinda jikoni kwa mke wangu, Leonida, nakunywa chai ya rangi na kusikiliza redio. Sina kazi nyingine. Tangu loji ya watalii kule juu kwenye kreta iniachishe kuosha vyombo (suala la mayai, silirudii hapa) nimekuwa mtu wa redio.

Redio imesema: treni za mjini za Arusha zitafanyiwa maboresho makubwa. Mabehewa mapya, ya umeme. Na njia itarefushwa kuelekea magharibi.

Nikatoka nje. Nikaangalia jua. Sisi ni magharibi!

Nimemweleza Leonida. Akasema magharibi ni kubwa, hata Kongo iko magharibi. Akaendelea kupepeta mahindi. Huyu mwanamke hajawahi kushtuka tangu nimwoe. Kila nikimletea jambo kubwa ananiambia haya baba Sabina, leta kuni. Nimechoka kuleta kuni.

Wazo limenijia kuni zikiwa begani. Treni ikifika hapa, nani anajua kuipanda? Hakuna! Watu watakanyagana. Watahitaji mafunzo. Mimi, Naftali, nitakuwa Mkuu wa Shule ya Abiria.

Nimewahi kupanda treni? Hapana. Lakini Padre naye hajaoa, na semina za ndoa anaziendesha.

Jumanne, 8 Julai

Shule inahitaji behewa. Behewa ni nini? Chumba kirefu, chembamba, mlango mmoja, watu wanabanana. Tunacho. Banda la Madoa.

Madoa ni ng'ombe wa Leonida. Si wangu, nakumbushwa mara kwa mara. Mama yake alitoka kwa baba mkwe kule Mbulu. Maziwa yake ndiyo chumvi yetu, sabuni yetu na mafuta ya taa yetu. Sasa ana mimba, atazaa wiki hii au ijayo. Mwaka juzi alizaa nje, fisi wakammaliza ndama kabla ya mapambazuko. Leonida alikaa siku mbili hali kitu. Ndipo nikajenga banda. Katika maisha yangu ndiyo kazi pekee niliyoianza nikaimaliza.

Kwa hiyo nimemfunga Madoa chini ya mparachichi. Kwa muda! Nimetoa samadi, nimepanga magogo mistari miwili, nimekata madirisha. Mlango unavutwa kwa kamba. King'ora ni mfuniko wa sufuria na mwiko.

Leonida amerudi kutoka mashineni. Hakupiga kelele, na hapo ndipo pabaya. Amesema taratibu kwamba Madoa akizaa nje tena, na ndama akifa, yeye anafunga virago, anakwenda kwa kaka yake Mbulu, na mimi nibaki na treni yangu. Nimemwahidi Madoa atarudi ndani kila jioni. Nilimaanisha. Huwa namaanisha siku zote.

Alhamisi, 10 Julai

Wanafunzi tisa! Ada ni yai moja. Hata Mzee Mepukori amekuja, na ukoo wake, wale wanaochunga kule bondeni. Amesema reli itakata njia ya ng'ombe wake, kwa hiyo amekuja kumjua adui.

Nimeanza na somo la mlango. Nimewaambia mlango wa treni mpya hufunguka sekunde thelathini, kisha hujifunga wenyewe, haujali mkubwa wala mdogo. Nikagonga mfuniko.

Mzee Mepukori akaingia wa kwanza, akasimama palepale mlangoni kwa kuwa ndipo penye hewa. Kila kijana aliyefuata akainamisha kichwa aguswe, ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Mzee hagusi kichwa haraka. Anauliza ng'ombe, anauliza watoto, anauliza majani. Akafika Bibi Cresensia, mjane wa hapo jirani, akamwuliza goti lake. Goti la Bibi Cresensia lina habari ndefu. Nikavuta kamba. Ndani ya treni: mzee mmoja na nusu ya Bibi Cresensia.

Tukarudia. Safari hii Nareyu, binti mkubwa wa mzee, akawahi kukaa. Loserian, aliyemwoa binti wa Nareyu, akagoma nje. Mkwe hawezi kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake. Nikamwambia hiki si chumba, ni treni. Akauliza, kina paa? Nikasema kinalo. Akasema basi ni chumba.

Jioni nimetoa magogo yote, nimemwingiza Madoa. Kesho namtoa, narudisha magogo. Mgongo wangu hauna usajili wa kazi hii.

Ijumaa, 11 Julai

Inosenti. Nilijua atakuja.

Inosenti ni jirani yangu. Banda lake lina sakafu ya saruji. Taa zake ni za sola. Kuku wake wanataga kama wameajiriwa. Leo amesimama kwenye uzio, kiazi cha kuchoma mkononi, akawaambia wanafunzi wangu, bila kuulizwa na mtu, kwamba yeye treni ya mjini ameipanda Dar es Salaam, na mle ndani watu hawasalimiani. Wanaingia kimya, wanakaa, wanatazama dirishani.

Watu walicheka mpaka machozi. Mtu akae goti kwa goti na mwenzake asimjulie hali? Bibi Cresensia akauliza wamegombana nini. Inosenti akasema hawajagombana, hawajuani tu. Bibi akasema sasa si ndiyo sababu wasalimiane.

Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani. Maana ndiyo dawa yenyewe ya mlango! Hakuna kinachonichosha kama Inosenti kusema kweli. Anasema kweli huku anatafuna.

Jumamosi, 12 Julai

Somo la Pili: Kutosalimiana.

Nimeandika kanuni kwa mkaa ukutani. Abiria haulizi. Abiria haitiki. Mtu akipiga kelele, abiria anatazama dirishani.

Mzee Mepukori amekataa katakata. Amesema anayekupita bila kuuliza ng'ombe wako anawaombea wafe. Amedai yai lake, nimemrudishia, ameondoka nalo mfukoni. Tumebaki na wanane.

Suala la Loserian nimelimaliza kwa akili. Nimemwambia ndani ya treni hakuna anayemjua mwenzake, kwa hiyo Nareyu si mama mkwe wake mpaka ashuke. Akafikiri sana. Nareyu akajifunika shuka usoni, akageukia ukuta. Loserian akaingia kinyumenyume. Treni imetutatulia jambo lililowashinda wazee!

Nikagonga mfuniko. Wanane wote ndani, kimya, kabla sijavuta kamba. Hakuna aliyekohoa. Nilisimama nje na kamba yangu, nimefurahi. Nimewaambia wakafanye mazoezi njiani na majumbani.

Jumapili, 13 Julai

Mazoezi wamefanya.

Misa ya kwanza. Padre akasema tupeane amani. Wanafunzi wangu waliokuwa kanisani wakatazama dirishani. Wote! Mkono wa Padre ukabaki hewani mbele ya Bibi Cresensia, na Bibi anasoma mawingu. Baada ya Misa nimeitwa sakristia. Padre alinisema kwa upole. Nimechoka na upole wa watu.

Nyumbani ni kimya. Leonida amemwambia Inosenti, akipaza sauti uzioni ili nami nisikie, kwamba mume wake amewafundisha watu wasiongee, basi naye aonje. Nilimwamkia mara tatu. Alitazama dirishani.

Nyumba yetu ina dirisha moja tu. Analitumia vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda Karatu mjini kuwaalika wakubwa waje kwenye mahafali. Nimesubiri kwenye benchi ofisi tatu. Ya tatu nimempata kijana mmoja mstaarabu, mwenye ramani kwenye simu. Akanionyesha treni mpya inapoishia. Kuelekea magharibi, ndiyo. Pembezoni mwa jiji, ng'ambo kidogo ya kituo cha mafuta. Akaniuliza mimi natokea wapi. Nikamwambia. Akatelezesha ramani kwa kidole. Akatelezesha. Akatelezesha tena. Alipofika Endabash aliniangalia kwa huruma, akaninunulia soda.

Sitamwambia mtu. Watu wamefanya kazi kubwa, mahafali ni haki yao.

Nimerudi magharibi ikitanda, miguu imevimba. Leonida amekwenda kulala msibani, kijiji cha pili. Ameniachia ujumbe, si kwangu, kwa Inosenti. Neno moja: Madoa. Inosenti akalifikisha, akauliza kama anisaidie kutoa magogo. Nikasema sihitaji msaada wa mtu. Nimeyatazama magogo. Nayo yakanitazama. Leo tu atalala chini ya mparachichi. Usiku mmoja! Nimemfunikia gunia.

Jumanne, 15 Julai



Alfajiri nimeamshwa na mlio wa Madoa. Amelala ubavu, macho meupe. Miguu miwili ya ndama imetoka. Ya nyuma! Ndama anashuka kinyumenyume, kama Loserian alivyopanda. Fisi wanasikika korongoni, na hawakuwa mbali.

Nikakimbilia barabarani. Leo siku ya mnada, watu wanapita mapema. Nikapiga yowe. Wa kwanza Bibi Cresensia, na kikapu chake. Nikasema Bibi, nisaidie, ng'ombe anakufa! Bibi akanyoosha shingo, akatazama mbali, akapita. Akaja Nareyu na mbuzi wake. Nikamshika shuka. Akaugeuza uso, nikaona midomo yake inahesabu sekunde. Akaja Loserian. Nikamwita kwa jina, kwa jina la baba yake, nikamwambia mimi ndiye mwalimu. Akapunguza mwendo kidogo. Kisha nikaona kifua kinajaa fahari, akapita, ananionyesha jinsi alivyoiva.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Niliiona nyumba bila Leonida: sufuria zimekaa, moto umezimika, mimi na redio.

Aliyekuja ni Inosenti. Hakuwahi kujiandikisha shuleni kwangu, ndiyo maana akaitika. Aliruka uzio amevaa kaptula na koti la mvua. Hakuuliza kwa nini ng'ombe yuko nje. Akasema lete kamba. Kamba iliyokuwa karibu ni ya mlango wa treni. Tukafunga miguu, tukavuta Madoa akisukuma, tukaacha, tukavuta. Ndama akatoka, hapumui. Inosenti akamwingiza jani la mahindi puani, akampiga mbavu. Ndama akapiga chafya. Jike! Nikakaa chini kwenye matope nikalia. Inosenti akajifanya anatafuta kiatu chake.

Tumewahamishia wote wawili kwenye banda lake la saruji.

Jumatano, 16 Julai

Leonida amerudi. Amepita mlangoni kwetu moja kwa moja mpaka kwa Inosenti. Wamesalimiana nusu saa. Aliuliza mke, watoto, kuku, hata betri ya sola. Nilikuwa kwenye uzio, nimeshika kofia.

Hukumu nimeipokea kupitia kwa Inosenti. Hatakwenda Mbulu, kwa kuwa ndama mzima. Lakini Madoa habanduki kwa Inosenti mpaka banda liwe banda. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza, anakunywa Inosenti. Napenda dang'a kuliko kitu chochote duniani. Leonida anajua.

Ndama amempa jina. Shikamoo. Amesema kila atakayetaka kumwita itambidi aamkie.

Ijumaa, 18 Julai

Nimevunja treni. Magogo nje, samadi ndani, madirisha yamezibwa. Nimewapitia wanafunzi nyumba kwa nyumba kuwaambia shule imefungwa, na wasalimiane. Bibi Cresensia alikuwa na goti la wiki nzima kooni. Nimesikiliza lote. Loserian ameuliza sasa Nareyu ni mama mkwe wake au siye. Nimesema ndiye. Ameonekana kupumua.

Kwa Mzee Mepukori niliinamisha kichwa, na umri wangu huu. Akauliza ng'ombe, akauliza ndama, akauliza mke. Akakigusa. Akanipa yai.

Madoa amerudi jioni, na mtoto wake. Leonida akanitazama akaniambia haya baba Sabina, leta kuni. Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nimeleta mizigo miwili.

Jumapili, 20 Julai

Misa. Nimetoa amani mpaka kwa mlinzi wa baiskeli. Asubuhi zote namwamkia ndama, naye haitiki. Nimetulia. Mipango nimeacha kabisa. Mtu wa umri wangu anahitaji chai, moto, na mke anayeongea naye.

Tumekaa jikoni, Leonida na mimi, redio inaongea yenyewe. Imesema mabehewa mapya ya jiji yatakuwa na milango pande zote mbili. Unapandia huku, unashukia kule, hakuna kukutana, hakuna kusongamana.

Nikaweka kikombe chini. Kumbe kosa halikuwa salamu! Kosa lilikuwa mlango mmoja! Wanaoshuka kule, wanaopanda huku, mzee asimame popote apendapo, mkwe na mama mkwe wasionane maisha. Treni haiji, sawa. Lakini nani amesema shule nzuri lazima isubiri treni?

Jiko la Leonida ni refu, jembamba. Lina mlango wa uani na mlango wa bustanini. Nimelipima kwa macho tu, sijasogeza hata chungu. Na kesho kutwa anakwenda Mbulu kumsalimia mama yake, atalala huko siku tatu.