Tisheti za Joyline

Jumatatu, 6 Oktoba
Haron amenipiku tena! Shemeji yangu huyu wa Kinoo ametangaza matembezi ya kumkumbuka mkewe Joyline, dada yangu, aliyetutoka mwaka jana kwa saratani ya matiti. Jumamosi, Kinoo hadi katikati ya jiji, kuchangisha pesa za utafiti wa saratani. Grupu ya WhatsApp ya familia imejaa emoji za makopa. Ubarikiwe Haron, ubarikiwe Haron. Hata Mama ametuma sauti kutoka Ugenya, ati Haron amemfuta machozi. Haron! Nani alibebwa mgongoni na Joyline? Si ni mimi Jackton? Haron alimpata akiwa mtu mzima, ameshasoma, anajua kupika. Nataka Mama aseme hivyo kunihusu, mara moja tu, mbele ya watu.

Jumanne, 7 Oktoba
Haron amesahau tisheti! Watu watatembea na nguo za kufulia. Nimempigia Waweru, fundi wa kuchapa tisheti River Road. Hatujawahi kuonana, lakini anasifiwa. Nimemwambia picha ya marehemu iko kwa profaili yangu ya WhatsApp, aitoe hapo, chini aandike LALA SALAMA MPENDWA WETU. Akauliza jina. Nikamwambia jina halihitajiki. Nani hamjui Joyline? Azilete Kinoo Jumamosi asubuhi, gunia limefungwa. Haron ashtuke.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ala! Haron amebadilisha profaili. Raba mpya, kifua mbele, chini ameandika "Kwa ajili ya Joy". Joy ni nani? Kwetu hakuna mtu aliwahi kumwita Joy. Kaindi wa kwaya yetu amemwambia amependeza. Sikuvumilia. Nimevaa suti, jirani yangu Shiru akanipiga picha hapa mtaani Satellite nikiangalia juu kama mtu mwenye mawazo mazito. Nimeiweka profaili mara moja. Kaindi bado hajasema kitu.

Jioni Waweru amepiga. Ati nina uhakika ni hiyo ya profaili? Marehemu anaonekana ana afya sana. Nimemwambia ndivyo alivyokuwa kabla ya ugonjwa, aache maswali achape.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimelifungua gunia mwenyewe, mbele ya umati wote. Mimi! Tisheti baada ya tisheti, mimi na suti yangu, nalala salama! Shangazi Rachael, aliyechelewa, akaona tisheti akapiga nduru. Akaniona mimi, akapiga nyingine kubwa zaidi.

Nilitaka kurudi Satellite kwa miguu. Lakini Mama, aliyefika jana kutoka Ugenya, alichukua moja, akaitazama, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hajacheka tangu tumzike Joyline. Akasema Joyline angeiona hii angegaagaa chini. Ni kweli, angegaagaa. Hapo nikalia mbele ya watu kama mtoto. Namkosa dada yangu, jamani.

Tulizivaa tukatembea. Waiyaki Way nzima watu wanasikitika, kijana mdogo hivi! Tukiwaeleza ni makosa, marehemu ni dadake, wanacheka na wanachanga. Ndoo za mchango zilijaa. Mjini Mama akasimama, akasema leo Jackton amemfuta machozi. Mbele ya Haron! Nimeridhika. Sina kinyongo na mtu yeyote tena maishani.

Jumapili, 12 Oktoba
Huyu Haron ni mwizi! Leo amevaa tisheti yangu kanisani kwao Kinoo. Wale hawanijui. Waliposikia ni shemeji yake wakampa pole, na kabla hajamaliza kueleza, akina mama walikuwa wameshampelekea kuku na chapati nyumbani. Mama, ambaye analala huko, amenipigia akinisimulia huku akicheka. Nimeuliza chapati ziko wapi. Ati Haron anamalizia. Yaani nimekufa mimi, halafu anayekula ni Haron! Jumapili ijayo naingia kanisa hilo mwenyewe, mzima, nikae kiti cha mbele. Wanipikie upya.