Honi ya Basi la Kibakwe

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Mnajua nilikotoka. Nilipoacha kazi Dar nikarudi Dodoma na stashahada yangu ya kompyuta, walisema hapa Kizota, katikati ya mafundi wa kuchomelea, nani atakuja ofisini kwangu? Leo nina kompyuta zangu, bango langu na kiti kinachozunguka. (Kwa jasho langu. Likumbukeni hilo kabla hamjaanza kucheka.)

Kuna gemu la kuendesha mabasi. Likitoka kwa wenyewe lina mabasi ya Ulaya. Mimi nalifungua, natoa mafaili yao, naweka yangu. Mteja anaendesha basi la rangi za kwetu, kibao cha mbele kimeandikwa "Dodoma–Kibakwe". Kazi yenyewe haina uchawi: faili jipya libebe jina lilelile la faili la zamani, likae kwenye folda ileile. Gemu halikagui kilichomo. Likiona jina, linapokea.

Asubuhi ilibaki honi. Jana nilirekodi moja kwa simu pale stendi. Leo nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaibadili jina, nikaiweka. Sikuijaribu. (Mtu mwenye stashahada ajaribu nini?)

Mara akaingia Neema, mchumba wangu, na mjomba wake, Mzee Chilongani. Jumamosi tunapanga mahari, na mjomba mtu ndiye mwenye neno la mwisho. Alikuwa ameleta jembe la kukokotwa lichomelewe hapo jirani, akaona apite aione kazi ya mkwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndiyo kazi hii? Kuchezesha watoto?"

"Wao wanacheza, mjomba. Mimi natengeneza. Karibu ukae."

Nikamkalisha kwenye kiti kinachozunguka. Nikawasha. Mzee akasoma kibao, akasogeza uso.

"Eeh! Kibakwe hii hii yetu?"

"Hiyo hiyo."

Mafundi wakajaa dirishani. Nikaongeza sauti. Mbele ya basi kukawa na foleni.

"Piga honi, mjomba. Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Spika zikatoa sauti yangu mimi:

"Mzee Yohana, Jumamosi wakitaja ng'ombe, wewe shusha pumzi kama umefiwa. Sema kijana hana hata mbuzi. Wale ng'ombe wangu wa Kibakwe usiwataje kabisa!"

Mzee Yohana ni mshenga wangu. Maneno hayo nilimrekodia jana, kwa simu ileile, muda mfupi baada ya honi. Nilichukua faili lisilo lenyewe.

Tena kuna jambo nililisahau. Kwenye gemu hili magari yote hutumia faili moja la honi. Tulikuwa kwenye foleni. Basi la nyuma likajibu: "Mzee Yohana, Jumamosi..." Lori likadakia. Teksi nayo. Barabara nzima inatangaza kwamba sina hata mbuzi!

Nikachomoa waya wa umeme.

"Kaka," fundi mmoja akasema dirishani, "hiyo honi niwekee kwenye bajaji."

Neema alikuwa amejifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. (Hakuwa analia.) Mjomba hakucheka hata kidogo. Nikaona ndoa yangu inaondoka hivi hivi.

"Washa tena," akasema.

"Mjomba, samahani, ile ilikuwa..."

"Washa, mkwe. Sijasikia vizuri ni ng'ombe wa wapi."

Nikawasha. Ningefanyaje? Akapiga honi mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, akasimama na kuvaa kofia yake.

"Kazi yako nimeipenda. Kesho asubuhi tunakwenda Kibakwe, mimi na wewe."

"Kufanya nini, mjomba?"

"Kuwasalimia ng'ombe."

Tiketi nimeshakata. Mkitukuta stendi kesho, salimieni tu kama watu wazima, mpite.