Hotuba ya Kuzindua Miche ya Misonobari Isiyoogopa Baridi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya sherehe hii, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya kuisimamia Kamati hiyo, waheshimiwa makatibu, makatibu wasaidizi na wanaokaimu nafasi za wasaidizi, wataalamu wa misitu mliovaa makoti na mliosahau makoti, mama mkwe wangu mpendwa uliyeketi safu ya mbele, shikamoo mama (sauti: "Marahaba, mkwe. Fupisha, tunaganda huku!"), wananchi wote wa mteremko huu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye hakuzingatiwa, azingatiwe sasa hivi. (Makofi.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa nikiwa na furaha ambayo, kwa tathmini ya ofisi yangu, imeongezeka kwa asilimia sabini na nne nukta mbili ikilinganishwa na furaha niliyokuwa nayo nikishuka kwenye gari, kwa sababu leo inatimia miaka mitatu kamili tangu nianzishe, kwa kushauriana na mimi mwenyewe katika nyadhifa zangu mbalimbali, Programu Jumuishi ya Kimkakati ya Kuujengea Uwezo Mche wa Msonobari Dhidi ya Baridi Kali. (Makofi. Mtu anapiga chafya.)

Shida yetu mnaijua wenyewe. Kila mvua kubwa zikija, mteremko huu unashuka, na tope linaingia jikoni kwa mama mkwe wangu linakaa juu ya jiko utadhani limealikwa. Tukakubaliana tupande misonobari, mizizi ishike udongo. Lakini ile miche ya kwanza, ndugu zangu, ilikuwa miche ya kudekezwa, ilitolewa kitaluni kwenye joto ikaletwa huku juu, ikapigwa na baridi siku mbili tu ikawa rangi ya kutu! (Vicheko. "Kweli kabisa!")

Ndipo nikaja na sayansi. Mche wa msonobari uliokomazwa, na hili nililieleza kwenye semina mpaka projekta ikazimika yenyewe, hauombi blanketi. Unapunguziwa maji kidogo kidogo, unaondolewa kivuli, unaonjeshwa baridi leo kiasi, kesho zaidi; nao unaacha kurefuka, unakusanya sukari kwenye majani yake membamba kama sindano, ili maji ya ndani yasigande yakaupasua. Ni mche wenye nidhamu! Ningekuwa na nafasi ofisini, ningeuajiri! (Vicheko. Mama mkwe: "Sasa iko wapi? Nimechimba mashimo mia nne na kumi na mawili, mgongo hauninyooki!")

Mama, swali lako ni zuri mno, nimelipokea kwa mikono miwili, na nitaliundia kamati. (Miguno.) Lakini kwanza tusikilize data, maana data haina upendeleo wala undugu: kwa miaka mitatu ya ufuatiliaji endelevu, katika nyuzi joto nne, usiku na mchana, isipokuwa umeme ulipokatika, hatujapoteza mche hata mmoja. Hata mmoja! Vifo, sifuri. Majani yaliyobadilika rangi, sifuri. Mbuzi waliovamia, sifuri! Wenzangu wa ofisi nyingine wamepoteza miche kwa maelfu, nikawahurumia, nikawaambia njooni mjifunze kwa anayejua. (Makofi, vigelegele. Fundi cherehani mmoja anarusha kofia, inatua kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi.)

Wapo wanaosema mimi ni mtu wa maneno matupu. Hao nimewasamehe, kwa barua, yenye nakala tatu. (Vicheko.)

Sasa wote tusimame. Nikisema "Baridi", mseme "Kitu gani!" Baridi! ("Kitu gani!") Msonobari! ("Juu!") Mashimo! ("Yapo!") Miche! ("Iko wapi!") Hapana, hiyo haimo kwenye ratiba. Ofisi yangu! (Mtu anakohoa.)

Mwisho kabisa, natoa shukrani za dhati kwa mhudumu wa ofisi yangu, mama mwaminifu kupita kiasi, ambaye miaka mitatu iliyopita nilimkabidhi bahasha ya mbegu za msonobari aipeleke kitaluni, nikamsisitizia kwamba hizi ni za kuzoeshwa baridi. Naye, kwa utii ambao ningependa watumishi wote wauige, akaanza kuzizoesha palepale, akaiweka bahasha kwenye jokofu langu, nyuma ya soda, ikakaa humo mpaka leo asubuhi nilipopatwa na kiu. Haijafunguliwa! Hii hapa, ishikeni, bado ina ubaridi! Imestahimili kila kitu! Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mama mkwe anainuka, anapanda jukwaani, anaichukua bahasha na kipaza sauti. "Ahsante, mkwe wangu. Hizi nitazisia mwenyewe leo hii, na zikiota nitazikomaza mwenyewe. Ila mvua zinaanza wiki ijayo, na jikoni kwangu unakujua. Kwa hiyo nahamia kwako, mimi na kuku wangu kumi na wanane, mpaka misonobari ishike udongo. Wataalamu hapa wananiambia ni kama miaka mitano. Majirani wanapakia mizigo kwenye gari lako sasa hivi." Makofi yasiyokwisha, vigelegele, watu wanapanda juu ya viti. Mheshimiwa mtoa hotuba anatafuta la kujibu kwenye karatasi zake, anageuza ukurasa, anageuza tena.)