Lichukue Gari Lako, Mjomba Mutiso

Bulla Iftin,
Garissa.

Kwa Mjomba Mutiso,
Machakos.

Mjomba mpendwa,

KUHUSU: OMBI LA KUKURUDISHIA SEDANI YAKO YA ULAYA

Natumaini goti lako limepata nafuu na Mama Dancan hajambo. Mimi ni mzima, joto ni lilelile.

Nakuandikia kwa heshima zote, kama mpwa wako na pia kama mnunuzi aliyetendewa visivyo. Siku ile uliponiuzia gari ulisimama uani ukanisomea sifa zake kutoka kwenye kitabu chake, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani: sedani ndogo ya familia, injini ya lita moja nukta sita, gia tano za mkono, kiyoyozi, viti vya nyuma vinavyokunjwa, buti la lita mia tano na kumi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia. Nikiona tarakimu, naziamini. Nikaliendesha hadi Garissa bila tatizo, nikaliegesha chini ya dirisha langu, nikadhani mambo yameishia hapo. Sivyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "familia". Hukunionya kwamba huku neno hili lina nguvu ya sheria. Naishi peke yangu, unajua, na nilikuwa nimeridhika. Majirani tulijuana kwa salamu tu. Asubuhi ya kwanza Shamis, jirani yangu anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, alilizunguka gari, akagusa boneti, akaniuliza, "Abaayo Mwalimu, hii ni gari ya aina gani?" Abaayo ni dada kwa Kisomali. Kabla ya gari hakuwahi kuniita hivyo. Nikamjibu kama kitabu kinavyosema, "Ni gari la familia."

"Mashallah," akasema huku akifungua mlango wa nyuma. "Sisi ni familia."

Akaingia yeye, na mke wa mwanawe, Ubah, aliyekuwa mjamzito, na watoto wawili wa Ubah ambao, nilivyoona, walikuwa wamekwisha vaa viatu.

2. Buti. Mjomba, ni nani huko Ulaya aliyeamua kupima buti kwa lita? Shamis aliponiuliza linabeba kiasi gani, nilimwambia ukweli. Akanitazama kwa huruma. "Maziwa yangu hata haifiki lita mia," akasema. "Nafasi iko mingi. Wacha niambie hao wamama wengine walete yao." Nikajaribu kumweleza kwamba ujazo ni kitu kimoja na uzito ni kingine, na kwamba buti likijaa maziwa gari litavunjika mgongo. "Mwalimu," akaniambia polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi, "lita ni lita."

Siku hizi kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza napeleka maziwa ya wamama sokoni. Springi za nyuma zimelala, pua ya gari inatazama mbinguni. Vyombo vya maziwa hufukizwa moshi, kwa hiyo gari linanukia moshi, nami nanukia moshi, na mwalimu mkuu ameniuliza kwa adabu kama jikoni kwangu kuna shida.

3. Kiyoyozi. Ubaya wake ni kwamba kinafanya kazi. Miguu ya Ubah ilikuwa imevimba kwa joto. Akaja mchana mmoja akaomba akae ndani "dakika kidogo tu". Nikamwashia. Kesho yake akarudi, nami nikaingia na madaftari yangu ya kusahihisha. Siku iliyofuata Shamis akaleta chai ya iliki, kwa sababu, alisema, watu hawawezi kukaa pamoja bila chai kama wako polisi.

Nimekokotoa. Gari lililosimama huku injini ikinguruma linakwenda kilomita sifuri kwa lita, na kitabu chako hakina ukurasa wa tarakimu hiyo. Wala hakisemi nitajua kwamba Nuh, mume wa Ubah, huendesha lori la masafa na hupiga simu kila anapofika salama, au kwamba Shamis huigiza sauti ya kila mteja wake. Nilicheka siku moja hadi nikamwaga chai juu ya mtihani wa Kidato cha Tatu. Mimi nilikuja Garissa kufanya kazi.

4. Tumbo la gari. Kitabu kinasema sentimita kumi na tatu kutoka ardhini, nawe ulipita hapo haraka sana ukinisomea.

Ubah alikwenda kumwona mama yake, ng'ambo ya laga moja, yaani mto mkavu wa mchanga, karibu na barabara ya Modogashe. Jumamosi asubuhi simu ikaja kwamba uchungu umemshika mapema, na gari walilolitegemea halikutokea. Shamis alisimama mlangoni kwangu bila viatu. Hakuniita abaayo wala hakutaja familia. Alisema tu, "Mwalimu." Nikachukua ufunguo.

Kwenda tulivuka laga kwa mbio. Kurudi, tulikunja kipande kikubwa cha kiti cha nyuma Ubah apate pa kunyoosha miguu hadi butini, Shamis akabaki kwenye kipande kidogo akiwa amemshikilia. Katikati ya laga, tumbo likakaa juu ya mchanga. Magurudumu yakazunguka bure. Nikaweka jeki, mchanga ukameza jeki. Ubah aliyekuwa akilia akanyamaza, na ule ukimya wake uliniogopesha kuliko kilio. Mjomba, nimefundisha msuguano muda mrefu. Pale nilipiga magoti nikachimba mchanga kwa mikono.

Wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe kwenye kisima cha laga wakaja. Mkubwa wao, Galgallo, akainama, akachungulia chini ya gari.

"Tumbo yake iko chini sana. Nani alikuuzia hii?"

"Mjomba wangu."

"Mjomba wa damu?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akawaita wenzake. Nilitaka kumteremsha Ubah ili wapunguze uzito. Galgallo akakataa. Wakalishika gari pande zote, wakalinyanyua Ubah na Shamis wakiwa ndani, wakalibeba hadi kwenye ardhi ngumu. Kisha akavua shuka lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Ubah. Nilipotaka kumshukuru alinikatiza: "Wewe endesha."

Niliendesha. Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini kabla muuguzi hajamaliza kuvaa glavu. Shamis aliketi sakafuni kwenye ushoroba, akanivuta nikae naye, akalia mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Nami nikalia, mbele ya watu, nikiwa na mchanga hadi kwenye nyusi. Gari lenye sentimita ishirini lisingenifikisha katika hali hiyo.

5. Matokeo. Nuh aliporudi kutoka safari alinitangaza mbele ya mtaa kuwa eddo wa mtoto, yaani shangazi. Tangu hapo naletewa sahani za chakula. Sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo napika, naijaza, naipeleka. Nayo hurudi imejaa. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba mashine isiyosimama kamwe haiwezekani kuwepo. Ipo. Iko kati ya jiko langu na la Shamis.

Kutokana na hayo, nakuomba kwa unyenyekevu uje ulichukue gari lako na unirudishie upweke wangu kama nilivyokuwa nao, ukiwa mzima, bila mikwaruzo. Kama huwezi kuja, nimekwisha tafuta mnunuzi hapahapa mjini, na baraka zako zitatosha.

Msalimie sana Mama Dancan, Dancan mwenyewe, binamu zangu wote, na majirani wa uani waliokusikia ukinisomea. Shamis anakusalimu pia. Anasema una deni la kujieleza kwa Galgallo.

Ni mimi mpwa wako, ambaye bado nakuheshimu,

Mutanu

N.B. Nilikuwa sijaitia barua hii posta mnunuzi alipofika. Ni afisa mmoja, mgeni hapa mjini. Alilipiga teke tairi la mbele, akafungua buti, akaziba pua, akasema gari zee namna hii linafaa kuvunjwa liuzwe vipuri. Sijui kilichonipata, Mjomba. Nilifunga buti na kumwambia haliuzwi. Akauliza kwa hasira, sasa nilimwitia nini kwenye jua lote hili? Nikamwambia nilimwita anisaidie kulisukuma, maana betri imekufa na Ubah ana kliniki saa nne. Akasukuma, na likawaka. Tafadhali nitumie betri kwa basi la kesho.