Ombi la Kuitambua Sauti ya Mke Wangu kuwa ya Hapa

Kwa Kiongozi wa Ujumbe wetu,
Mkutano wa Mataifa wa Kulinda Utamaduni.

Ndugu Kiongozi,

Pokea salamu zangu na heshima zote. Najua una kazi ya kuwaeleza wakubwa wa dunia kwamba nasi tuna utamaduni, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa marehemu angekuambia usitegemee hilo.

Mimi ni fundi viatu na, tangu miezi saba iliyopita, mgane. Mke wangu alikuwa akiingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Ni yeye aliyekuwa Mama Mkwe katika ile ya familia yenye kiwanda cha manukato. Sura ni ya mwigizaji wa huko kwao; sauti ni ya mama watoto wangu. Mwezi uliopita, baada ya ninyi kutia saini kwamba vipindi vya nje visizidi theluthi moja, kituo cha televisheni kiliikata tamthilia hiyo katika sehemu ya sitini na moja, Mama Mkwe akiwa ameshika kitasa, mdomo wazi. Zimebaki sehemu ishirini na mbili alizorekodi kabla hajaugua. Badala yake wamewekwa watu watatu kwenye makochi wanaozungumzia umuhimu wa utamaduni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikwenda kituoni kuuliza. Dada wa mapokezi akaniambia, "Mzee wangu, hiyo ni bidhaa ya nje." Nikamwambia hiyo sauti nimeishi nayo miaka thelathini na moja, na ndiyo iliyonichagulia hata shati nililovaa. Akatazama shati, kisha daftari. "Mzee, gari likizuiwa, honi haipewi ruhusa ipite peke yake." Jibu zuri lilinijia nilipofika nyumbani, kama kawaida yangu, nikalitoa mbele ya birika.

2. Kiatu cha nje nikikibadilisha soli, mwenye nacho anatembea juu ya kazi yangu, na sijasikia amesimamishwa njiani aulizwe mguu wake ni wa wapi. Naomba mkutano utamke: mtu akilia kwa macho ya kwao na sauti ya kwetu, kilio ni cha nani?

3. Kama sauti ile ni ya nje, nyumba yangu imevunja sheria siku nyingi. Marehemu alikuwa akifanyia mazoezi jikoni. Siku moja nimerudi na mfuko wangu wa viatu, akanigeukia na mwiko: "Toka nyumbani kwangu! Hujawahi kuistahili familia hii!" Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi karibu saa nzima nikijikagua, na makosa niliyapata, tena ya kutosha. Alipokuja kunitafuta nilikuwa nimeshaanza kuomba radhi kwa jambo la mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, ambalo kumbe hakuwa akilijua. Akasema, "Baba watoto, yale yalikuwa maneno ya kazini. Lakini hebu endelea." Ugomvi uliofuata ulichukua siku nne. Naomba kujua kama unahesabiwa kipindi cha nje au cha ndani.

4. Nimeipima hiyo theluthi yenu kwetu. Yeye aliongea sana, mimi kidogo. Ikiwa maneno yake ni ya nje, basi vipindi vya ndani, yaani mimi, havikufika hata asilimia kumi. Utamaduni wa nyumba nzima ulikuwa hatarini na mkuu wake nikakaa kimya, nikinywa chai. Watoto wamelelewa na matangazo ya kigeni na wametoka na adabu. Niko tayari kuhojiwa.

5. Kwa hiyo naomba marehemu apewe hati ya asili yenye muhuri. Mkikataa, basi nchi ile aliyoifanyia kazi ya kulia iniletee rambirambi rasmi, maana mpaka leo haijatuma hata kadi. Tena nasikia mna orodha ya mambo ambayo wanadamu wote wanatakiwa kuyahifadhi. Naomba mwandike humo kikohozi chake. Kabla ya kila sentensi kali alikuwa akisafisha koo taratibu, kama anayebisha hodi, na mitambo ilikuwa ikikikata. Sisi wa nyumbani tulikuwa tukikipata chote.

Wasalimie wajumbe wote, pamoja na wale wa nchi yenye sura. Hatuna ugomvi nao. Nisalimie na wale watatu wa kwenye makochi. Yule wa katikati kisigino chake kimelala upande, aje nimtengenezee.

Ni mimi, ninayelinda kilichobaki,

Fundi viatu, mume wa Mama Mkwe.

Tanbihi: Si vizuri nikufiche. Fundi mitambo aliyekuwa akimrekodi marehemu alipita hapa wiki mbili zilizopita kunipa pole, akaniachia flashi yenye sehemu zote ishirini na mbili. Binti yangu ameshanionyesha pa kuichomeka. Sijaichomeka. Maadamu hazijaonyeshwa, yako maneno ambayo bado hajaniambia. Basi kama mkutano utahitaji miaka kadhaa kulijadili ombi hili, tafadhali msiharakishe.