Kioo cha Lori Tanurini

Tadei, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alifika kwenye benchi la kahawa la Mzee Huseni akiwa na habari mdomoni.

"Shikamoo mzee! Jamani, kile kioo kipya cha lori la kijiji kimetiwa tanurini tangu alfajiri. Tanuri la mikate!"

Uledi Dereva akapaliwa na kahawa. Kioo cha zamani ndicho kilichomponza. Lori lilikuwa limesimama, injini imezimwa, mara kioo cha mbele kikapasuka chenyewe na kummwagikia mapajani punje punje kama ulezi. Kamati ya kijiji ikaiita hujuma. Jumatatu angenyang'anywa funguo na kupewa jembe, naye, mtoto wa mwenye duka, jembe alilijua kwa kuliuza tu.

"Wanakioka ili kiwe laini?" aliuliza Lukmani Fundi, ambaye ufundi wake uliishia kwenye baiskeli.

"Wanakipima! Karatasi ya kiwandani inasema chenye kasoro ndani kitapasuka hukohuko kwenye joto, kisije kikampasukia dereva barabarani."

"Acha kamba, Redio!" Lukmani alisema.

"Kikitoka kizima?" Uledi aliuliza.

"Basi vioo havipasuki vyenyewe. Wewe mwongo, kalime."

"Kikipasuka?"

"Umepona. Ila lori halina kioo."

Uledi, Mungu amsamehe, akaanza kukiombea mauti kioo cha umma, midomo ikimchezacheza.

"Mnamwona?" Lukmani akadakia. "Anakiombea dua mbaya mnyonyaji huyu!"

"Nimnyonye nani, kioo?"

Hapo akatokea Flavian wa Kamati juu ya baiskeli, jasho likimtiririka katika baridi ya Juni.

"Kimekwisha! Bertilla mwoka mikate kafungua tanuri, kanyoosha mkono akigonge, si ndivyo anavyogonga mkate ajue umeiva? Hata hajakigusa, paa! Mikate yote imejaa vioo."

Uledi akaruka, akamkumbatia Flavian pamoja na baiskeli yake. "Mmesikia? Chenyewe! Nimepona mimi!"

"Kilipasuka saa ngapi?" Lukmani akauliza.

"Saa tatu."

"Uledi, saa tatu ulikuwa wapi?"

"Hapahapa tangu saa mbili! Mashahidi ninyi!"

Lukmani akajisogeza hadi ncha ya benchi. "Cha kwanza kakivunja akiwa amekaa mbele yake. Cha pili, yuko maili saba kutoka tanurini."

Flavian akatoa kalamu. "Rudia polepole, niandike."

Uledi akamgeukia Mzee Huseni, mtu mzima, amtetee. Mzee alikichukua kikombe cha kaure cha Uledi, akakificha kapuni, akammiminia kahawa nyingine kwenye kopo la bati.

"Kunywa, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi na wewe hatujawahi kukosana, sivyo?"