Juu Kinavuta, Chini Kinazuia

Adolfu wa Katandala alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi Romani, pale Majengo, akisubiri zamu ambayo hakuwa na hela ya kuilipia, aliposikia Mzee Eustaki akigombana na simu yake.

"Inaniuliza tena!" mzee alisema, ameinyoosha mbali na uso kama barua ya kuitwa mahakamani. "Leo mara ya nne. Boksi lako lina apdeti mpya, je, ungependa kulisasisha sasa? Mimi sipendi! Nani kawaambia napenda?"

Mzee Eustaki alikuwa muuza mabati na misumari, na kama wenye nafasi wengi wa mji huu, alikuwa amenunua boksi la umeme: betri kubwa lenye mpini, unalichaji kwa sola au ukutani, mbele lina soketi na kioo cha namba, unalibeba mpaka shambani ukitaka. Maboksi ya siku hizi yana akili. Yanaongea na simu ya mwenye nayo bila waya, na kiwanda kilichoyatengeneza, huko kiliko, kikitaka kurekebisha jambo ndani yake kinatuma marekebisho kwa hewa. Hayo ndiyo watu waliyaita apdeti.

"Si ubonyeze ndiyo, mzee," alisema Romani, huku akimzungusha mteja shingo. "Langu halijaletewa hata moja! Tumenunua duka moja, siku moja. Wewe uletewe nne, mimi sifuri, nimekosa nini?"

"Chukua zangu basi!"

"Zinachukuliwaje?"

"Kama hujui zinachukuliwaje, unazililia nini? Boksi linafanya kazi, wewe unataka waliguse. Mke wako anapika vizuri, utaruhusu mtu aje amrekebishe kwa hewa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Adolfu hakucheka. Alikuwa anahesabu vichwa. Huyu anakimbia kitu, yule anakililia kitu hicho hicho, na katikati yao, jamani, hapana muuzaji! Alisimama akaenda zake bila kunyolewa.

Tumweleze kidogo, maana yeye mwenyewe akijieleza mtamwajiri. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Tunduma baada ya miaka miwili, na miwani nyeusi, na begi la laptop ambalo ndani lilikuwa na taulo. Mali yake ya kweli ilikuwa moja tu: boksi la umeme kubwa kuliko la Mzee Eustaki, alilolipata kwa namna ambayo mwenyewe wa kwanza mpaka leo akisimulia anashika kichwa. Boksi hilo ndilo lilikuwa ofisi yake, cheti chake na heshima yake. Bila hilo, kilichokuwa kinamngoja Katandala ni tanuri la matofali la wajomba zake, na wajomba walikuwa wameshamwekea koleo.

Siku mbili baadaye mtaji ulikuwa tayari. Alichukua ile karatasi ya kung'aa inayofunika maziwa ya kopo chini ya kifuniko, akaikata viduara, akavipaka gundi, na kila kimoja akakigonga muhuri wa neno moja: ORIJINO.

Majengo, alipokuwa na watu wa aina ya Romani, alisema hivi: "Mshikaji, apdeti zinapita hapa juu kila siku, ila boksi lako haliko kwenye njia. Bandika hiki juu ya boksi. Kinavuta." Elfu kumi.

Akivuka kwenda Milanzi, walikokuwa watu wa aina ya Mzee Eustaki, alishusha sauti kama mtu aliyetoka kwenye kikao cha siri. "Mama, hizo apdeti zinakuja kulizeesha boksi lako ili ununue jingine. Bandika hiki chini. Kinazuia." Elfu kumi, au debe la ulezi, au kuku. Adolfu hakuwa mtu wa kumkwaza mteja kwa masharti.

Ni Mama Kija peke yake aliyemsumbua. Familia yake ilitoka Usukumani na ng'ombe zao miaka mingi nyuma, na boksi lake lilimulika zizi.

"Ng'wanawane," alimwambia, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mtoto wao, na alimwita hivyo kwa sauti ya mtu anayemkagua ndama mnadani. "Ng'ombe akichanjwa, sindano naiona. Ng'ombe anaruka, namwona. Hii chanjo yako nitaionaje?"

"Utaiona kwa kutokuona kitu, mama. Ukiona hakuna kilichotokea, ujue imefanya kazi."

Mama Kija alifikiri, akatikisa kichwa, akatoa elfu saba. Adolfu aliichukua kwa shukrani, ila moyoni alimwekea alama.

Biashara ikakolea. Watu wa Majengo wakaanza kushuhudia kwamba maboksi yao yamekuwa mepesi kubeba. Wa Milanzi wakasema usingizi umerudi. Adolfu akahamishia meza yake nje ya kinyozi, boksi lake kubwa juu ya meza, akawa anachemshia wapita njia chai ya bure kwa jagi la umeme ili waone nguvu. Hapo ndipo Albina alipomfuata.

Albina alikuwa fundi cherehani, mpole, mwembamba, na alikuwa na kasoro moja ambayo Adolfu hakuijua: aliponunua boksi la kuendeshea cherehani yake, alikaa chini akasoma kitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Nadhani mji mzima alikuwa peke yake.

"Habari za kazi, kaka."

"Salama, dada. Unavuta au unazuia?"

"Nina swali kwanza. Shangazi yangu Cornelia wa Milanzi ulimuuzia cha kuzuia."

"Namkumbuka! Mama mstaarabu. Alinipa jogoo."

"Boksi lake linaendesha mashine ya kutotoleshea vifaranga. Mashine inakula umeme kidogo sana, boksi linadhani hakuna kazi, linajizima. Kiwanda kimeliona hilo kosa, kikatuma apdeti ya kulirekebisha. Simu ikamuuliza, ndiyo au hapana. Kwa maneno yako akabonyeza hapana. Juzi limejizima. Mayai tisini, kaka. Yalibakiza siku tano. Na baridi hii ya mwezi wa sita. Shangazi amekaa na lile trei mapajani, hataki hata kula."

Kuna kitu kilimchoma Adolfu, tusimwonee. Yule jogoo alikuwa amemla na ugali siku ile ile. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kutangulia.

"Pole yake sana. Ila umeona, dada? Kibandiko kimefanya kazi. Apdeti haikuingia."

Albina akatabasamu.

"Kweli. Haikuingia." Akalisogelea lile boksi kubwa, akalipapasa kama mtu anayechagua kitambaa. "Zuri hili. Umelifanyia apdeti?"

"Dada! Zote, mpaka za mwaka kesho."

Ukweli ni kwamba hakuwahi kulifanyia hata moja. Yeye naye aliziogopa, ila hakuwa na wa kumuuzia kibandiko.

"Na hiki kitufe chenye alama ya mawimbi ni cha nini?" Albina aliuliza, kidole kishafika, akakibonyeza, akakishikilia.

"Toa mkono! Hicho ni cha mitambo ya juu."

"Samahani, kaka." Simu ikalia kidogo kwenye mkono wake mwingine. Akaitia mfukoni, akaaga kwa adabu, akaondoka. Adolfu akabaki anamsifu kwa jinsi alivyolelewa. Mimi na wewe tumekiona kilichotokea, yeye hakukiona. Simu na boksi vilikuwa vimeshikana mkono, na boksi lilikuwa limepata bosi mpya.

Jumamosi Mzee Eustaki akamwita. Kuna watu arobaini, alisema, wote wana maboksi, wanataka kumsikia mtaalamu uani kwangu. Wazo ni la binti Albina. Arobaini! Adolfu alikata viduara mpaka vidole vikavimba.

Alipoingia uani akasita mlangoni. Majengo walikuwa wamekaa. Milanzi walikuwa wamekaa pamoja nao. Kila mtu na boksi lake miguuni, hawa kibandiko juu, wale kibandiko chini. Mbele kabisa alikaa Mama Cornelia na trei lake la mayai, uso wake mtupu. Mama Kija alikuwa ameshika vibandiko viwili, kimoja kila mkono.

"Shikamoo mama," Adolfu aliwahi.

"Marahaba. Ng'wanawane, hiki ni cha kwangu, hiki nimekibandua kwa kinyozi. Mbona ni mapacha?"

Mtu mwingine angekimbia. Adolfu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, mlango unao mmoja nyumbani. Ukiusukuma unafunguka, ukiuvuta unafungika. Umewahi kumuuliza seremala kwa nini hakukuletea miwili? Juu kinavuta, chini kinazuia!"

Wakapiga makofi, walahi. Hata Mzee Eustaki. Adolfu akaona wateja wake arobaini wanarudi, akachomeka jagi la maji, akawasha boksi.

"Ndugu zangu, boksi hili lina apdeti zote."

Boksi likazima.

Akacheka kidogo, akaliwasha. "Kama nilivyosema, apdeti zote." Likazima.

"Mara ya pili hiyo," alisema Romani.

"Ni waya umelegea." Likazima kabla hajamaliza kuliwasha.

Mzee Eustaki akasogeza kiti. "Ebu sema jina lako."

"Naitwa Adolfu." Boksi likawaka, taa yake ikatulia.

"Sema vibandiko vimetoka kiwandani."

"Vimetoka kiwandani." Giza kwenye kioo.

"Mama yangu!" mtu akapiga yowe nyuma. Watu wakasimama juu ya viti. Albina peke yake alikaa, mikono chini ya kitenge, uso wa mtu anayesikiliza mahubiri.

"Muulizeni jogoo!" alipaza Mama Kija. "Jogoo wa Cornelia yuko wapi?"

"Nimemfuga," alisema Adolfu, akiliwasha tena. Likazima. Jasho lilikuwa linamtoka katika upepo ule unaowavalisha watu makoti mawili. "Nimempa mama yangu." Halikuwaka. "Nilimla! Nilimla siku ile ile!"

Boksi likawaka, na jagi likaanza kuunguruma.

Walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta, lakini kicheko cha waliotapeliwa hakikawii kuchacha. Mtu akadai elfu kumi yake. Mwingine akadai debe. Duara likaanza kubana, na Adolfu hakuwa anawatazama wao hata kidogo. Alikuwa analitazama boksi, midomo inamcheza. Miaka miwili amelala nalo chumba kimoja. Limesikia mangapi?

"Lichukueni," alisema. "Sitaki kuliona."

"Mpe shangazi," alisema Albina taratibu. "Kwa mayai yake tisini. Haya ya wengine utayalipa ukipata kazi."

"Boksi bovu nilifanyie nini?" akauliza Mama Cornelia.

"Mama, tafadhali!" Adolfu alilinyanyua kwa mikono yake mwenyewe, akampakatisha. "Chukua na jagi. Nakuomba, mama. Utakuwa umenisaidia."

Alimshukuru mara mbili, akatoka kwa mlango wa nyuma. Begi la laptop likabaki, na taulo lake.

Wiki nne baadaye Adolfu, vumbi la matofali hadi kwenye kope, alikuwa anasukuma toroli Milanzi aliposikia sauti dirishani kwa Mama Cornelia. Vifaranga. Vifaranga wengi sana. Akachungulia. Boksi lake lilikuwa limewaka, limetulia, linaendesha mashine mbili. Mama Cornelia alikuwa anamwaga chenga za mahindi huku anaimba.

"Si lilikufa?" aliropoka.

Albina, aliyekuwa amechuchumaa kando ya shangazi yake, akainua kichwa. "Halikufa. Nilikuwa nalizima mimi, kwa simu. Kwa hewa."

Adolfu akacheka kwa dharau ya mtaalamu. "Kwa hewa! Dada, hewa naiuza mimi."

Albina akagusa simu. Boksi likazima. Akagusa tena, likawaka. Adolfu akaingia bila kukaribishwa, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya boksi kutafuta waya. Akatafuta nyuma. Akatafuta chini ya mkeka, vifaranga wakimpanda mgongoni.

"Lilikuwa na apdeti saba zinasubiri tangu Tunduma," alisema Albina. "Nimezipa ruhusa zote. Sasa halijizimi."

Akatoka mbio, toroli akaliacha. Alimkuta Mama Kija barabarani na ng'ombe zake, na Romani, na Mzee Eustaki anatoka kudai madeni ya mabati.

"Ni simu!" alipiga kelele, mkono kifuani. "Alikuwa analizima kwa simu! Boksi na simu vinaongea, hakuna waya, kiwanda kinatuma vitu kwa hewa kweli, nimeona kwa macho yangu! Haki ya Mungu! Bonyezeni ndiyo!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kwao kusema kweli tupu. Romani alimtazama kwa huruma. Mzee Eustaki alisonya.

Mama Kija akapekua kibindoni, akatoa kiduara cha kung'aa kilichokunjamana, akampa.

"Shika, ng'wanawane. Bandika mdomoni," alisema, akaswaga ng'ombe zake. "Kile cha chini."